UZI: Kaisari Marcus Aurelius, tofauti na yule wa kwenye status zetu

Mchoma Tofali (mwenye uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa watawala mtu alitupia picha ya sanamu la Marcus Aurelius, kaisari wa Roma, lenye ndevu za kujikunja, chini yake maneno mazito kuhusu maisha, laiki zikamiminika. Nikauliza maneno hayo yako kitabu cha ngapi. Kimya mpaka leo. Nikaahidi kuja na uzi wangu, na leo mvua haitaki kukata, tanuri nimelifunika, sina pa kwenda.

Kwa wasionijua: kazi yangu ni kufyatua tofali za kuchoma. Kabla ya hapo nilikaa seminari miaka kadhaa, nikatoka na Kilatini ambacho hakijawahi kuniuzia tofali hata moja. Siku moja nikaona picha ya tofali la Kiroma lenye muhuri wa mviringo, ndani yake jina la mwanamke, Domitia Lucilla. Sisi huku tunachonga herufi kwenye kalibu ili jirani asikuhamishie mzigo usiku, kwa hiyo nilielewa mara moja muhuri ule ni wa nini. Nikatafuta huyu mama mwenye viwanda vya tofali ni nani. Kumbe ni mama mzazi wa Marcus Aurelius, na yeye akafa, viwanda vikarithiwa na mwanawe kaisari. Tangu siku hiyo sijatoka kwa huyu bwana.

Nipite haraka kwenye maisha yake. Alizaliwa Roma tarehe 26 Aprili 121, ukoo wao ukiwa na asili ya Hispania. Baba akafa yeye akiwa mdogo, akalelewa na babu. Kaisari Hadrian alimpenda huyo mtoto, akawa anamwita Verissimus. Ni utani wa jina: ukoo wao ulikuwa Verus, yaani mkweli, na Verissimus ni mkweli kupita wote. Mwaka 138 Hadrian, mgonjwa na hana mtoto, akamchukua Antoninus kuwa mwanawe na mrithi, kwa sharti kwamba naye Antoninus awachukue vijana wawili, Marcus na Lucius. Marcus akiwa na miaka 16 akajikuta kwenye foleni ya ufalme, na foleni yenyewe ikachukua miaka 23, maana Antoninus alikuwa na afya ya chuma.

Machi 161 Antoninus akafa. Marcus akakataa kuvaa cheo peke yake mpaka Lucius naye apewe, ikawa mara ya kwanza Roma kuwa na makaisari wawili kwa pamoja. Baada ya hapo yalimwagika. Mto Tiber ukafurika, njaa ikafuata, Waparthi, watu wa pande za Uajemi, wakavamia mashariki, jeshi likarudi na ushindi na maradhi, makabila ya ng'ambo ya Danube yakavuka hadi Italia kaskazini na kuuzingira mji wa Aquileia. Mtu ambaye hakuwa amewahi kuongoza vita akatumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho kwenye makambi ya mpakani. Akafia huko huko tarehe 17 Machi 180.

Hoja yangu ni moja na naiweka mezani mapema ili mnishambulie vizuri. Kile mnachonukuu, kile kinachouzwa kwa jina la Meditations, si kitabu. Ni daftari la mtu anayejigombeza. Ukilisoma kama mahubiri ya mtu aliyefika, umelisoma kichwa chini.

Naendelea kesho, chaji inaisha.

Mzee wa Kijiweni

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Ila mwenye uzi, bila kuvunjiana heshima, Mroma wa miaka 1,800 iliyopita ananihusu nini mimi wa huku Kilwa? Tumeshasoma wafalme wao wa kutosha shuleni.

Popo wa Lindo

Mimi nalinda godauni usiku, ule msemo wa kuamka asubuhi nimeuweka kwenye simu. Usije ukaniambia ni feki, nitalia. Shusha nondo.

Mchoma Tofali

Nimerudi. Popo, wako si feki, tutaufikia.

Mzee wangu wa Kilwa, shikamoo. Umeuliza kwa kebehi lakini umegusa penyewe. Wakati Marcus ni kijana wa Ikulu, pale Aleksandria kulikuwa na Ptolemaio, mwana wa nyota na ramani. Kwenye kitabu chake cha jiografia, cha miaka ya 150 hivi, ameandika mji uitwao Rhapta kwenye pwani ya Azania, na Azania ndiyo pwani yetu hii. Karibu karne moja kabla yake, nahodha mfanyabiashara asiyejulikana jina alikuwa ameshaandika mwongozo wa safari za bahari hii, akaeleza kwamba jina Rhapta limetokana na mashua za kushonwa. Kushonwa kwa kamba, Mzee. Wewe mwenyewe unajua mtepe. Na akaorodhesha bidhaa za hapo: pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru, magamba ya ng'amba. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu bado wanavutana, wapo wanaoiweka delta ya Rufiji na wapo wanaoipeleka kwingine.

Sasa sikiliza hili. Kumbukumbu za Kichina zinasema mwaka 166 walifika watu kwa njia ya bahari, kupitia pande za Vietnam ya leo, wakijitambulisha kuwa wametumwa na Andun, mfalme wa Da Qin. Da Qin ni Roma. Andun ni Antoninus, jina ambalo Marcus naye alilirithi. Walileta zawadi gani? Pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya ng'amba. Mwandishi wa Kichina mwenyewe alikunja uso, akasema hamna hata kito kimoja cha ajabu humo. Wasomi wengi wanaona wale walikuwa wafanyabiashara tu waliojipa ubalozi njiani.

Sitasema zile pembe zilitoka kwetu, maana India na Ethiopia nako zilikuwepo. Nasema orodha ya mizigo ni ile ile. Kwa hiyo dunia ya Marcus haikuishia Italia, na ukingo wake mmoja ulikuwa unalowa maji haya haya unayovua wewe.

Na mwalimu wake mpendwa wa ufasaha, Fronto, alikuwa mtu wa Cirta, mji ambao leo ni Constantine kule Algeria. Mwenyewe alijitania kuwa ni Mlibya wa wale wahamahamaji.

Mzee wa Kijiweni

Marahaba. Nimenyamaza. Endelea.

Mchoma Tofali

Huyu Fronto ndiye aliyenifanya nimpende Marcus, kuliko hata lile daftari.

Barua zao zilipotea zaidi ya miaka elfu. Mwaka 1815 padri mmoja mtunza maktaba pale Milano, Angelo Mai, alikuwa anakagua vitabu vya ngozi, akaona chini ya maandishi ya mtaguso mmoja, yaani mkutano mkuu wa kanisa, kuna maandishi mengine hafifu. Zamani ngozi ilikuwa ghali, kwa hiyo watawa walikwangua maandishi ya kale na kuandika juu yake. Chini ya mtaguso walikuwepo Fronto na mwanafunzi wake, wanaandikiana. Mai akapaka dawa ili herufi zitokeze, zikatokeza, kisha dawa ile ile ikaanza kuila ngozi. Sehemu nyingine mpaka leo hazisomeki.

Ndani yake tunamkuta Marcus kijana shambani wakati wa kuvuna zabibu. Anamwandikia mwalimu wake kwamba amechelewa kuamka kwa sababu ya mafua, akasoma Cato, mwandishi wa kale wa Kiroma, juu ya kilimo, akasukutua koo kwa maji ya asali. Chakula cha mchana amekula kipande cha mkate tu huku akiwaona wenzake wanashindilia maharage, vitunguu na samaki wenye mayai. Wakaenda kuchuma zabibu, wakatoka jasho, wakapiga kelele. Jioni akakaa na mama yake kitandani wanapiga soga: "Unadhani Fronto wangu anafanya nini saa hizi?" Kisha kengele ikalia, wakaoga, wakala chakula cha usiku kwenye chumba cha kukamulia zeituni. Hapo akajishtukia, akafafanua kwamba hawakuoga kwenye chumba cha kukamulia, walioga kwanza ndipo wakala humo. Na wakafurahi kuwasikia watu wa shamba wakitaniana.

Barua nyingine anasimulia walivyokuwa wamepanda farasi, wakakutana na kundi la kondoo, mchungaji akamwambia mwenzake awaangalie hao, ni wezi. Marcus kusikia hivyo akampiga farasi wake akawatimulia kondoo katikati. Mchungaji akarusha fimbo yake, ikampata mtu mwingine. Mrithi wa dola nzima huyo, anatimua kondoo wa watu!

Nawaambia haya kwa sababu mkimsoma kwenye daftari tu mtadhani alizaliwa na ndevu.

Binti Tabata

Mkuu ngoja nichangie. Mimi ule anaoupenda Popo siujui ila huu naupenda sana: "Ishi maisha mema. Kama miungu ipo na ni ya haki, haitajali ulikuwa mcha Mungu kiasi gani, itakupokea kwa wema ulioishi nao..." Umenisaidia kipindi kigumu.

Mchoma Tofali

Dada yangu, samahani mapema. Hayo maneno hayamo. Yanazunguka mitandaoni yakiwa na jina lake, lakini ukipekua vitabu vyote 12 huyakuti. Kitabu cha 2 kuna sehemu anapima kama miungu ipo au haipo, lakini anaelekea kwingine kabisa: anasema miungu ipo na inawajali binadamu. Vile vile ule wa "kila tunachosikia ni maoni, si ukweli" nao si wake. Kama yamekusaidia, yamekusaidia, hakuna anayekunyang'anya. Ila ukiyaandika, usimtwike yeye.

Sasa daftari lenyewe. Ameliandika kwa Kigiriki, lugha ya falsafa wakati ule, ingawa Kilatini ndicho alichokulia. Yeye hakulipa jina. Lile la Kigiriki linalokuja na nakala lina maana ya "mambo ya kujiambia mwenyewe". Ndani yake kuna vidokezo viwili tu vya mahali: kimoja kinasema "kwa Wakuadi, kando ya mto Granua" (Wakuadi ni kabila mojawapo la ng'ambo ya Danube, na mto huo leo ni Hron kule Slovakia), na kingine "Carnuntum", kambi kubwa ya jeshi mashariki ya Vienna. Hakuna tarehe wala simulizi la mapigano. Mtu yuko vitani, tauni inaua, na daftari lake linazungumza kuhusu nini? Mkate.

Sikiliza kitabu cha 3. Anasema mkate ukioka, juu yake hupasuka pasuka, na hiyo mipasuko mwokaji hakuikusudia, lakini ndiyo inayokutamanisha kula. Tini zikiiva sana hufunguka midomo. Zeituni inayokaribia kuoza ndiyo yenye uzuri wake wa pekee. Suke linaloinama, ngozi ya paji la uso la simba, povu linalodondoka mdomoni mwa nguruwe mwitu. Mimi nachoma tofali, najua: lile lililopata ufa kidogo juu na weusi wa moto ndilo fundi analoligonga kwa kidole na kuliacha pembeni kwa ajili ya ukuta wake mwenyewe.

Kisha anajibadilikia. Kitabu cha 6: joho lako la zambarau ni manyoya ya kondoo yaliyochovywa kwenye damu ya konokono wa baharini. Nyama iliyo mezani ni maiti ya samaki, maiti ya ndege, maiti ya nguruwe. Na mbele kidogo: angalia usigeuke Kaisari, usichovywe rangi hiyo. Anatunga kabisa kitenzi cha kujiambia asi-"kaisarike".

Popo, wako huu hapa, kitabu cha 5, mwanzo. Alfajiri unapoona uzito kuamka, uwe na jibu tayari: naamka kwenda kufanya kazi ya binadamu. Au niliumbwa nijifunike nguo nipate joto? Halafu anajijibu kwa sauti ya uvivu wake mwenyewe: "Lakini ndiyo raha." Kwa hiyo ulizaliwa kwa ajili ya raha? Huwaoni shomoro, siafu, buibui, nyuki, kila mmoja na kazi yake?

Mtu aliyefika hajigombezi hivyo. Huyo ni mtu ambaye kitanda kilimshinda asubuhi nyingi.

Popo wa Lindo

Kwa hiyo Kaisari naye alikuwa anabonyeza alamu ikae kidogo. Nimefarijika kuliko nilivyotegemea.

Msomi Asiye na Cheti

Mwenye uzi, unaleta hisia zako tu. Wataalamu wanasemaje? Nimewahi kusoma kwamba jamaa alikuwa mtu wa kasumba, ndiyo maana anaandika kama yuko mawinguni.

Mchoma Tofali

Hilo la kasumba lina historia. Mwaka 1961 msomi mmoja wa Marekani, Thomas Africa, aliandika makala akidai Marcus alikuwa mlevi wa afyuni. Ushahidi ni Galen, tabibu mkubwa kutoka Pergamo, aliyekuwa anamchanganyia dawa ya kuzuia sumu ambayo ndani yake kulikuwa na utomvu wa mpopi. Galen anasema Kaisari alipoona dawa inamsinzisha kazini, akaagiza utomvu uondolewe, kisha usingizi ukamkimbia usiku, ikabidi urudishwe kidogo. Kutoka hapo hadi kusema falsafa yote ni moshi, ni kuruka mtaro mpana. Mfaransa Pierre Hadot aliivunja hoja hiyo vizuri.

Na Hadot ndiye aliyebadilisha usomaji wote. Kabla yake watu walilisoma daftari kama shajara ya mtu mwenye huzuni: anaiponda dunia, anajichukia, labda ana vidonda vya tumbo. Hadot akasema hapana, haya ni mazoezi. Wanafalsafa wa kale walijiandikia kanuni zile zile kila siku kwa maneno mapya, kama mtu anavyorudia dua, ili siku ya shida neno lije lenyewe. Akaonyesha pia kwamba kanuni za Marcus zimetoka kwa Epiktetos: pima unachokiona, tamani kwa kiasi, tenda kwa ajili ya wenzako.

Hapo simama kidogo. Epiktetos alikuwa mtumwa. Mtu aliyenunuliwa na kuuzwa, baadaye akaachwa huru, akafundisha. Mwalimu wa Marcus aitwaye Rusticus akachukua nakala yake mwenyewe ya mafundisho hayo akampa kijana wa Ikulu asome. Kitabu cha 1, ambacho ni orodha ya shukrani, kinamshukuru Rusticus kwa jambo hilo kwa jina. Hadrian, aliyempa ufalme, hana hata aya moja ya kwake. Fronto wa watu, pamoja na barua zote zile, amepata mistari mitatu. Mimi iliniuma kwa niaba yake.

Mimi niko na Hadot kwa sehemu kubwa. Ila naona akiyaita yote mazoezi anamfanya Marcus mkavu. Zipo aya mtu hafanyi mazoezi, analia.

Muuguzi wa Zamu

Nimefuatilia kimya kimya. Hiyo tauni ilikuwa nini hasa? Na ni kweli iliua nusu ya dola?

Mchoma Tofali

Dada muuguzi, wengi wanadhani ni ndui. Galen ameacha maelezo ya homa, kuharisha, na vipele vyeusi vilivyosambaa mwili mzima kisha vikakauka na kubanduka kama magamba. Ililipuka mwaka 165 hivi, jeshi likiwa mashariki kwenye vita vya Waparthi, ikaingia Roma nalo. Lakini kwa kuwa hakuna mabaki ya mgonjwa aliyepimwa na kuthibitishwa, ndui ni dhana yenye nguvu tu.

Idadi ndipo wasomi wanaporushiana viti. Wapo waliosema waliokufa hawakuzidi asilimia 1 au 2 ya watu wote, wapo wanaofika robo na zaidi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyehesabu. Unachopata ni vipande. Kimoja cha kutisha kimetoka Misri, kijiji cha Soknopaiou Nesos, kwenye karatasi za mafunjo za walipa kodi: kati ya wanaume 240 na ushee, zaidi ya 70 walikufa Januari na Februari 179. Mtoza kodi hakuandika wamekufa na nini. Aliandika tu kwamba hawapo wa kulipa.

Na Marcus? Kwenye daftari zima tauni hiyo inatajwa kwa kupita, kitabu cha 9: kuharibika kwa akili ni tauni mbaya kuliko hii ya hewa inayotuzunguka. Basi. Hazina ilipokauka aliuza vyombo vya Ikulu kwa mnada uwanja wa Trajan: vikombe vya dhahabu, nguo za hariri za mke wake, kwa miezi miwili. Hilo nalo hulikuti kwenye daftari.

Mama Wawili

Mimi nimekuja kuuliza jambo moja. Umesema kuna aya analia. Ipi? Nimezika mtoto mwaka juzi.

Mchoma Tofali

Pole sana mama. Sikujua ningeulizwa hivi.

Marcus na mkewe Faustina walipata watoto wasiopungua 13, na wengi wao waliwazika wadogo. Ipo barua kwa Fronto, mtoto mmoja wa kike akiwa mgonjwa. Anaandika kwamba miungu ikipenda, sasa kuna tumaini. Kuharisha kumekoma, vihoma vimeondoka, lakini amekonda mno na bado anakohoa kohoa. Halafu anasema, unaelewa nakuambia habari za Faustina wetu mdogo, ametuhangaisha sana. Hiyo ni barua ya baba anayeangalia kinyesi cha mtoto kila asubuhi. Hamna falsafa humo.

Kwenye daftari, miaka mingi baadaye, kitabu cha 9: mwingine anaomba, nisimpoteze mwanangu. Wewe omba, nisiogope kumpoteza. Na kitabu cha 10 anachukua mshairi Homer, pale anaposema vizazi vya watu ni kama majani, upepo unayamwaga chini. Marcus anaongeza neno lake: majani pia ni hawa watoto wako.

Hadot angesema ni zoezi. Mimi nikisoma hapo nafunga kitabu.

Mama Wawili

Asante. Imetosha.

Mtumishi wa Jumapili

Mmemsifia sana. Mbona hamsemi aliwaua Wakristo?

Mchoma Tofali

Nilikuwa nakungoja. Ni kweli, na sitamtetea zaidi ya ushahidi. Yule yule Rusticus aliyempa Epiktetos, ndiye baadaye akiwa mkuu wa mji alimhukumu Justino na wenzake kifo, mnamo mwaka 165. Mwaka 177 kule Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliteswa vibaya. Liwali alimwandikia Kaisari kuuliza afanye nini, na barua ya waumini iliyohifadhiwa na Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, inasema jibu lilikuwa: wanaokiri wauawe, wanaokana waachiwe. Wasomi wanabishana kama kulikuwa na amri ya dola nzima, na wengi wanaona ghasia zilianzia kwa umati wa mjini. Lakini jibu ni la kwake. Mtu aliyejiambia kila asubuhi kwamba mkosaji ni ndugu yake.

Tena nikuongezee. Pale Roma kuna mnara wa mawe wa vita vyake vya Danube, bado umesimama. Ukitazama michoro yake kwa karibu, vibanda vinachomwa, wanaume wanakatwa vichwa, wanawake wanaburutwa kwa nywele, watoto pembeni. Kisha fungua kitabu cha 10 usome aya ya buibui. Buibui anajivuna amenasa nzi, mtu mwingine anajivuna amenasa sungura, mwingine dagaa wavuni, mwingine Wasarmatia. Ukipima nia zao, wote si wanyang'anyi? Wasarmatia ndio aliokuwa anapigana nao! Alijua. Na asubuhi akaamka, akaendelea na vita.

Hapo ndipo ninapowaacha wanaomtia kwenye fremu. Kujua hakukumzuia.

Msomi Asiye na Cheti

Sawa, hapo umenikamata. Na lile la mwanawe Commodus? Kwenye ile filamu ya 2000 mtoto anamziba baba pumzi.

Mchoma Tofali

Filamu chai. Commodus hakuwa na haja, alishafanywa kaisari mwenza tangu 177. Ila uvumi ni wa kale: Cassius Dio, mwanahistoria aliyeishi karibu na mambo hayo, anasema aliambiwa kwamba matabibu walimmaliza ili kumpendeza Commodus. Wengi leo wanaona ni maradhi tu. Hata alipofia hapajatulia, wapo wa Vienna na wapo wa Sirmium, Serbia ya leo.

Swali la kwa nini alimwachia mtoto wa hovyo huwa linakuja na hoja kwamba waliomtangulia walichagua mrithi bora badala ya mwana. Hapana, mkuu. Waliomtangulia hawakuwa na wana hai wa kuwarithisha. Marcus alikuwa naye mmoja aliyebaki. Kumruka ni kumhukumu kifo, na pengine kuwasha vita vya wenyewe kwa wenyewe, na alishaonja: mwaka 175 jenerali wake Avidius Cassius alijitangaza kaisari huko mashariki, akadumu miezi mitatu na siku chache, askari wake mwenyewe wakamuua. Walimletea Marcus kichwa, akakataa kukitazama.

Binti Tabata

Mkuu, sina kinyongo na ile nukuu. Ninunue tafsiri gani, nianzie wapi?

Mchoma Tofali

Tafsiri yoyote yenye namba za vitabu na aya, ili ukitumiwa nukuu uikague. Anza kitabu cha 2. Cha 1 kiache mwisho, wasomi wengi wanaona hata yeye alikiandika mwishoni. Soma aya mbili tatu ukafanye kazi zako, ukikaa nacho mchana kutwa kitakuchosha, maana anajirudia kama mzee anayetafuta miwani.

Na ujue kilitufikia kwa tundu la sindano. Kilichapwa mara ya kwanza Zurich mwaka 1559 kutoka kwenye nakala ya mkono ambayo baadaye ilipotea. Nakala nzima iliyobaki ya kuaminika iko Vatikano. Ni hiyo moja, na vipande vipande kwingine.

Mvua imekata. Naenda kufunua tanuri.

Popo wa Lindo

Na mimi zamu imeisha. Saa kumi na mbili hii, nataka kulala, jamaa anasema niamke kufanya kazi ya binadamu. Mwambieni mimi nimeshaifanya usiku.